Barua ya Wazi kwa Mnaotunza Urithi Wetu: Pipa Linakauka Stoo

Kwenu Waheshimiwa mliopewa dhamana ya urithi na makumbusho,
Dodoma.

YAH: VIFAA VYA HISTORIA YA ZABIBU NA MVINYO WA DODOMA TULIVYOWAKABIDHI, NA CHUMBA MLICHOTUAHIDI

Mbukwenyi Waheshimiwa.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Maneno hayo nimekwisha kuwaandikia mara tatu. Barua ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani nikitembea kifua mbele. Ya pili nikaambiwa ipo mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Ya tatu ilipofikisha miezi minne bila jibu nilikuja mwenyewe, na kijana wa masjala, mwenye adabu zake, akaniuliza kama nimebaki na nakala, maana faili halionekani. Nakala ninayo. Ila safari hii sikuipeleka masjala. Naiweka hapa mbele ya watu, mahali ambapo haitapotea.

Sifurahii kufanya hivi. Nimekulia katika utumishi ambao mtu hupanda ngazi moja moja na kungoja kila ngazi kwa heshima. Nimepanda ngazi zote ninazozijua, na nyingine nimezipanda mara mbili.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilipima sukari ya zabibu, ukali wa tindikali na kiwango cha kilevi katika mvinyo. Sasa nina robo tatu ya ekari ya mizabibu upande wa Mpunguzi, na mgongo unaonikumbusha kila msimu wa kupogoa. Niseme mapema, kwa sababu najua swali litakuja: mimi sinywi. Nilionja na kutema, kama kazi ilivyotaka, basi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikaa wazee saba: wakulima wanne, wawili tuliofanya kazi kiwandani, na mama mmoja aliyekuwa karani wa mizani. Tulianza kukusanya vitu ambavyo vijana wetu walikuwa wanavitupa au kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mikasi ya zamani ya kupogolea. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lililotobolewa na salfa. Kipima sukari cha kioo ambacho mwenzangu alikifunga kwenye soksi miaka yote asije akakivunja. Lebo za chupa, nyingine hazijawahi kugusa gundi. Chupa sita za mvinyo ambazo bado zimefungwa. Madaftari matatu ya mizani. Kaseti tano za mazungumzo na wakulima wa kwanza. Na pipa moja la mbao lililobebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, huku watoto wakilikimbilia nyuma wakidhani ni harusi.

Tukaja kwenu. Mlitupokea vizuri, na hilo silisahau. Mlisema vitu hivi vina thamani, mkatuonyesha chumba chenye madirisha mawili, mkasema ndicho kitakuwa chumba cha zabibu na mvinyo. Tuliwaachia kila kitu. Leo chumba kile kina viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini, na vitu vyetu viko stoo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hali ya stoo

Nimeiona stoo mara moja tu, mlango ulipoachwa wazi kwa bahati. Ni chumba cha bati lisilo na dari. Wote tunajua mchana wa Oktoba hapa kwetu unavyokuwa chini ya bati.

Nianze na pipa. Pipa la mbao halishikiliwi na misumari wala gundi. Linashikiliwa na unyevu. Mbao zikilowa hunenepa na kubanana, ndipo pete za chuma zinapokaza. Likiachwa tupu mahali pakavu, mbao husinyaa, pete hulegea, na siku moja utakuta fungu la mbao zilizolala chini na pete zake pembeni. Nililigusa lile pipa. Pete ya juu ilizunguka mkononi mwangu kama bangili ya mtoto. Na Dodoma, Waheshimiwa, si Tanga. Hewa yetu hukausha kila kitu.

Chupa sita nilizikuta zimesimamishwa wima kwenye boksi, karibu na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Chupa ya kizibo cha koki hulazwa ili mvinyo ukiguse kizibo kisikauke. Kikikauka hupitisha hewa, na mvinyo hugeuka siki. Sisemi kwamba mvinyo ule ungekuwa mtamu. Mtu yeyote wa maabara atawaambia chupa nyingi duniani hazikutengenezwa ili zikae miongo. Lakini chupa iliyofungwa ni ushahidi. Huko Speyer, Ujerumani, wana chupa ya kioo iliyofukuliwa mwaka 1867 katika kaburi la enzi za Warumi, yenye kimiminika ndani tangu karne ya 4. Hakuna anayetaka kuinywa. Watu hupanga foleni kuiangalia. Chupa zetu zimevuka miaka mingi chini ya vitanda vya wakulima, na sasa zinaharibikia mikononi mwa wataalamu.

Madaftari ya mizani ndiyo yanayoninyima usingizi zaidi. Kila ukurasa una jina la mkulima, kijiji, kilo, bei, na safu ya mwisho: amelipwa au bado. Kuna kurasa nzima ambazo safu hiyo imejaa neno moja, "bado". Ukitaka kujua kwa nini watu waling'oa mizabibu katika miaka ya 1990 wakarudi kwenye mtama na uwele, huhitaji msomi akueleze. Soma safu ile. Nilipochungulia, njia ya mchwa ilikuwa imeshapanda mguu wa meza yalipowekwa. Mchwa wa Dodoma ni adui wa zamani wa mzabibu, hula mpaka shina. Nadhani karatasi haitamtoa jasho.

Kaseti sikuziona kabisa. Mmoja wa wazee waliorekodiwa humo amekwisha kutangulia mbele ya haki, na sauti yake haiko mahali pengine popote.

2. Hakuna hati ya makabidhiano

Hapa kosa ni letu pia. Tuliamini. Tulipeana mikono, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka bila karatasi. Tangu hapo nimeomba orodha iliyosainiwa ya vitu mlivyopokea na sijapewa. Maana yake ni kwamba kitu kikipotea kesho, hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwapo.

3. Wenye kujua wanaondoka na wanachokijua

Muulize mtu wa Dodoma mizabibu ilifika lini. Mmoja atakuambia miaka ya 1930. Mwingine atashikilia 1957. Wa tatu atasema ni Mwalimu Nyerere aliyeagiza, na hatakubali kubishiwa. Wote wanakutana Bihawana, kwa wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa, ambayo kwa sheria ya Kanisa lazima itokane na zabibu. (Kanisani tunaiita divai, kiwandani tuliiita waini, kwenye lebo inaandikwa mvinyo. Hata jina bado tunalumbana.) Baadaye wanakuja mashamba ya Gereza la Isanga, vijiji vya ujamaa, kituo cha utafiti cha Makutupora, kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, na DOWICO ilipoanguka, viwanda vya watu binafsi. Hizo zote ni nyakati ambazo watu walioziishi bado tunao. Si wengi, lakini tunao. Na bado tunabishana miaka kana kwamba tunazungumzia mambo ya Firauni.

Kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, wanajua mpaka siku. Tarehe 2 Februari 1659, Jan van Riebeeck, mkubwa wa Waholanzi pale, aliandika katika shajara yake kwamba siku hiyo zabibu za Rasi zimekamuliwa divai kwa mara ya kwanza. Simsifu mtu huyo. Alikuwa mtumishi wa kampuni iliyowanyang'anya wenyeji ardhi yao. Nasifu kalamu yake tu. Mistari michache, na karne tatu na nusu baadaye hakuna anayebishana.

Lakini mwaka wa kufika ni jambo dogo. Kubwa ni ujuzi, na hapa naomba mnivumilie niseme kidogo kama fundi.

Kwenye nchi za baridi, mzabibu hulala. Majira ya baridi huudondoshea majani, ukapumzika, joto likirudi ukachipua, na mavuno yakawa mara moja kwa mwaka. Mzabibu wa Dodoma haupati baridi ya kuulaza. Ukiuacha tu, utaendelea kutambaa na kuzaa ovyo. Kwa hiyo mkulima wa hapa hufanya kwa mkono kazi ambayo Ulaya hufanywa na theluji. Anapogoa, anauamsha mti kwa kuukata, anahesabu kama miezi minne, anavuna. Halafu anapogoa tena. Ndiyo maana sisi huvuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba. Mkasi ndiyo baridi yetu. Mavuno ya kwanza yanakutana na mvua, kwa hiyo magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hayakauki mashambani. Ya pili yanakuja wakati wa ukavu, zabibu zina sukari zaidi, na mkulima mwenye maji hucheka. Macho mangapi ya kuchipua uache kwenye tawi, siku ngapi usimame kumwagilia kabla ya kuvuna, tawi lipi ulitoe sadaka: hayo hayamo kwenye vitabu vya Bordeaux, Ufaransa, kwa sababu Bordeaux hawayahitaji. Yamo vichwani mwa watu wa Hombolo, Veyula, Mpunguzi na Matumbulu.

Au chukueni neno mchuzi. Mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia mkulima anauza mchuzi wa zabibu anatafuta ugali. Kwetu mchuzi ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuchachushwa, mvinyo ambao haujakamilika, anaouuza mkulima kwa kiwanda kinachoumalizia. Ujuzi huu haukuja kwa semina. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Mnunuzi asipofika ndani ya siku chache, mkulima anaangalia mwaka wake ukioza kwenye kreti. Waliochoka kuangalia wakajifunza kukamua wenyewe na kuweka kwenye matangi mpaka bei ipatikane. Kuna historia nzima ya ushupavu katika neno hilo moja, na katika makao makuu ya nchi hakuna hata kibandiko kimoja ukutani kinachoieleza.

Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika, yaani ujuzi, desturi na ufundi wa mikono. Georgia wamekwisha kuutumia: mwaka 2013 njia yao ya kutengeneza mvinyo katika mitungi ya udongo inayozikwa ardhini, qvevri, iliingizwa kwenye orodha ya dunia. Sisemi kesho tuwe kama Georgia, ambao udongo wao una mabaki ya mvinyo wa miaka 8,000. Nasema wazee wanahojiwa wakiwa hai. Baada ya hapo ni matanga.

4. Mashamba yenyewe yanaondoka

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini mbio zenyewe tumeziona tangu 2016, na mwaka 2018 tukawa jiji. Sipingi. Mwanangu amejenga kwa sababu ya mbio hizo. Lakini nenda leo pembezoni mwa mji, mahali palipokuwa na nguzo na waya za mizabibu, utakuta vigingi vya wapima ardhi. Mkulima akipewa bei ya kiwanja haangalii nyuma, na simlaumu. Ameyaona yale madaftari. Ila mti unapong'olewa, ni vyema mtu awe ameandika ulikuwa wa aina gani, ulipandwa lini na pingili yake ilitoka kwa nani. Watu hutaja aina kama Makutupora nyekundu, Chenin Blanc na Syrah, lakini ukipita mashamba ya zamani unakuta miti ambayo wenyewe wanaiita kwa jina la jirani aliyewapa pingili.

5. Ahadi ya chumba

Sina la kuongeza zaidi ya nililokwisha kusema. Viti vile vinaweza kukaa mahali pengine.

Waheshimiwa, sasa nigeukie majibu ambayo huenda nitapewa. Nimeyasikia mengi kaunta kwenu, kwa hiyo sitabahatisha.

La kwanza ni "mchakato unaendelea". Nimefanya kazi miaka mingi na michakato. Uchachushaji ni mchakato. Una mwanzo, una joto lake, una siku unapopima ukajua sukari imekwisha, na una mwisho. Mchakato usio na siku ya kupima kwetu tuliuita kuharibika. Nipeni tarehe, nami nitaheshimu mchakato.

La pili ni sheria. Ofisa mmoja aliniambia kwa upole kwamba vitu vyetu "si mambo ya kale". Nilikwenda kusoma. Ni kweli kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kama masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa kipimo hicho madaftari yetu ya mizani ni watoto wachanga. Lakini sheria hiyo inasema nini kilindwe kwa lazima. Haisemi makumbusho yakatae kila kitu kingine. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na makumbusho yake pale Arusha yalifunguliwa 1977. Miaka 10 tu. Hakuna aliyesema tusubiri Azimio lizeeke. Vitu vya karibu ndivyo vinavyopotea haraka kuliko vyote, kwa sababu bado vinafanana na takataka.

La tatu ni bajeti. Hili nalichukulia kwa uzito, maana sijawahi kufanya kazi mahali palipokuwa na fedha za kutosha. Lakini angalieni tunachoomba. Hatuombi jengo kama lile la Bordeaux lililofunguliwa mwaka 2016, la vioo na alumini, lililojipinda kama mvinyo unaozungushwa kwenye glasi. Nawaelekeza Maribor, Slovenia. Pale wana mzabibu mmoja, mmoja tu, wenye zaidi ya miaka 400, ulioegemea ukuta wa nyumba ya zamani. Nyumba hiyo ndiyo makumbusho. Mti mmoja na ukuta mmoja, na watu wanasafiri kwenda kuuona. Sisi tuna chumba ambacho tayari ni cha umma, vitu ambavyo hamkununua, na wazee ambao wako radhi kukaa mlangoni kueleza bila posho. Gharama iliyobaki ni kuondoa viti.

La nne husemwa kwa sauti ya chini: mvinyo ni pombe, na serikali haiwezi kuonekana inatukuza pombe. Ninawaheshimu wanaosema hivyo. Katika wazee wetu saba, wawili ni Waislamu na mmoja ni mlokole wa kukesha, nami nimeshasema habari zangu. Wakulima wengi wanaovuna zabibu hizi hawajawahi kununua chupa moja ya mvinyo. Zabibu inaliwa mbichi, inakaushwa, inakamuliwa juisi. Chumba tunachokitaka hakitauza wala kuonjesha kitu. Kitaonyesha kazi: mkono, mkasi, mizani, deni, tangi. Mtoto wa darasa la tano ataingia na kutoka akiwa amejua kwa nini mzabibu wa Dodoma unazaa mara mbili, na wazazi wake wa dini yoyote hawatakuwa na la kulalamika. Na kama serikali inakusanya ushuru wa mvinyo, sioni aibu iko wapi katika kukusanya historia yake.

La tano: wawekezaji watafanya. Huenda. Huko Briones, Uhispania, familia ya Vivanco ilifungua makumbusho ya mvinyo mwaka 2004, na sifa zake zimefika mbali. Viwanda vyetu navyo vikitaka kuwa na chumba cha wageni, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini kiwanda huonyesha kile kinachouza. Kitaning'iniza medali na picha ya kukata utepe. Sitegemei hata siku moja kukuta kiwanda kimefungua ukurasa wa daftari la mizani lenye safu ya "bado" na kuuwekea taa. Hiyo ni kazi ya makumbusho ya umma, na ndiyo sababu tulivileta vitu kwenu badala ya kuvipeleka kwa mwenye fedha. Mmoja alikuwapo, na alitoa bei nzuri kwa lile pipa. Alitaka kulipasua katikati apandie maua mlangoni kwa hoteli.

Kuna jibu la sita ambalo halijawahi kusemwa mbele yangu, lakini nalihisi: kwamba hii si historia ya kweli ya Wagogo. Kwamba historia ya kweli ni ng'ombe, tembe, zeze na ngoma ya muheme, na zabibu ni jambo la kuja. Ni kweli imekuja. Ila imekuja ikakuta watu, na watu wakaigeuza. Wazee wetu waliipa jina njaa ya Mtunya, iliyoua wengi mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwa sababu ya jina hilo hatujaisahau mpaka leo. Vizazi vilivyofuata vikapanda katika ardhi hiyohiyo, ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka, mti wa kigeni ambao wageni wenyewe huuvuna mara moja, wao wakauvuna mara mbili. Kama hiyo si historia ya Wagogo, sijui mnasubiri nini kitokee.

Tunachoomba ni haya, na nimeyapanga kwa haraka yake.

Kwanza, stoo ifunguliwe, wazee wawili tuingie pamoja na ofisa wenu, tuhesabu kila kitu, tuandike hali yake, pande zote mbili tusaini. Hili ni la siku moja. Naomba lifanyike ndani ya siku 14 tangu leo.

Pili, siku hiyohiyo madaftari yatolewe kwenye meza ile, chupa zilazwe mahali penye kivuli, na kaseti zitafutwe. Vijana wa vyuo wa mji huu wanaweza kupiga picha kila ukurasa na kuhamishia sauti kwenye kompyuta kwa wiki moja. Nimeshazungumza na wawili na wako tayari.

Tatu, chumba kile kirudishwe kwenye kazi mliyoitaja wenyewe, kabla ya mavuno ya Agosti. Si lazima kiwe kimekamilika. Meza tatu na maandishi ya Kiswahili yanayosomeka yanatosha kwa kuanzia.

Nne, mpango wa kuwahoji wakulima, makarani na mafundi wa zamani uanze mwaka huu, kwa Kigogo na Kiswahili, na nakala zikae sehemu mbili tofauti. Kituo cha utafiti cha Makutupora kiombwe kushirikiana kutambua miti ya zamani kabla haijang'olewa, na pingili zake zipandwe mahali pamoja penye vibao vya majina.

Tano, kama mnaona hamtaweza lolote kati ya haya, semeni hivyo kwa maandishi na mturudishie vitu vyetu. Hatutagombana. Tutavirudisha chini ya vitanda, ambako vilikuwa salama zaidi.

Sitaki mtu afukuzwe kazi kwa ajili ya barua hii, na hasa si yule kijana wa masjala. Yeye ndiye pekee aliyenipa kiti. Nataka kujibiwa. Nitapokea jibu kwa barua, kwa simu, au kwa mtu kuja shambani, ambako mwezi huu nipo kila asubuhi mpaka saa nne jua linapokuwa kali.

Na siku mtakayonipigia kuniambia stoo imefunguliwa, msihangaike na chochote. Nitakuja na madumu mawili ya maji. Lile pipa linatakiwa kulowekwa kabla ya jambo jingine lolote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa zabibu na fundi sanifu mstaafu, Mpunguzi,
kwa niaba ya wazee saba.

Nakala:
Wakulima wenzangu wa zabibu, popote mlipo.
Yeyote mwenye daftari, lebo au picha ya zamani ndani kwake: usiitupe, na usiitoe bila karatasi.
Faili.